Amplifaya Iliyojinyamazia

Mtu mmoja alikuwa na pikapu, na mdogo wake alikuwa na sauti. Kwa vitu viwili hivyo ndugu hao waliishi miaka kumi na tisa katika mji mmoja wa milimani kule kusini, mji wa kahawa na ukungu, ambako nyumba zimetawanyika juu ya vilima na habari hazifiki upesi kwa miguu peke yake. Mkubwa aliitwa Melkiori Ndunguru, mdogo aliitwa Otmari. Melkiori aliendesha, Otmari alitangaza. Juu ya paa la pikapu kulikuwa na spika mbili zenye midomo mipana kama tarumbeta, milangoni kulikuwa na nyingine mbili ndogo za kujisikilizia wenyewe, na chini ya kiti, sakafuni, kama boksi la chuma lisilo na kazi, ilikuwako amplifaya. Hiyo ndiyo iliyochukua sauti ndogo ya mtu mmoja na kuifanya isikike ng'ambo ya bonde.

Siku zile zilikuwa njema, na Melkiori alipokuja kuzikumbuka baadaye, kwanza ilimjia harufu ya kiti kile cha plastiki kilichopigwa jua, na kanda za muziki wa dansi ambazo Otmari alizitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kanda ikinasa, Otmari aliitoa taratibu, akaizungusha kwa kalamu ya wino, akaipuliza, akairudisha. Walitoka asubuhi umande ungali juu ya majani, wakapanda kilima hadi kilima. Walitangaza chanjo za watoto, minada ya ng'ombe, harusi, mitihani, mbuzi aliyepotea na mbuzi aliyeonekana. Kina mama wenye vikapu vya kahawa vichwani walisimama kando ya njia wakasikiliza hadi mwisho, ingawa shingo ziliwauma. Wapo waliokuwa hawana haja na habari yenyewe. Walitaka tu kusikia jinsi Otmari atakavyoisema.

Maana Otmari hakusoma matangazo, aliyasema. Wakikaribia nyumba yenye msiba alizima spika, akashuka, akaenda kwa miguu mpaka mlangoni kutoa pole, kisha akarudi na kuwasha walipokwisha kupita. Mwaka mmoja bibi kizee aliyeanza kupoteza kumbukumbu alitoka kwake asionekane siku mbili. Watu walimwita kwa jina lake msituni na mashambani, hakuitika. Otmari akaenda kuwauliza wazee wenzake walikuwa wakimwitaje alipokuwa msichana, akapanda garini, akaliita jina hilo polepole juu ya bonde, mara moja, mara mbili, kama mtu amwitaye rafiki yake mtoni. Bibi akatoka kwenye mibuni akicheka, akauliza nani anamtafuta. Melkiori alikuwa ameshika usukani siku hiyo. Aliendesha kurudi nyumbani moyo umemjaa, akijisikia ni mtu mwenye bahati kuliko wote mjini.

Mji ule ulikuwa na wazee wawili walioitwa Ignasi, mmoja Ignasi Haule na mwingine Ignasi Hyera, wakikaa juu ya vilima viwili vinavyotazamana. Akafariki Haule. Wafiwa walimfuata Melkiori akiwa amelala chini ya gari anakaza ekzosi, wakamweleza habari yote. Yeye akatoka na mikono yenye grisi, akaandika haraka juu ya karatasi, na mkono wake ukaandika Hyera. Otmari siku hiyo alikuwa ametoka kwenye homa. Alipokea karatasi, akaamini kilichoandikwa na kaka yake, akatangaza. Kufikia saa nane mchana jamaa za Hyera walikuwa wamewasili kutoka vijiji vitatu, na unga na kuni na vilio, wakamkuta mzee wao ameketi uani anachambua maharage. Dada yake, mama mtu mzima aitwaye Koletha, alianguka njiani kwa mshtuko, mkono ukavunjika.

Watu wakakusanyika sokoni wakiwa wamekasirika, wakalizunguka gari. Wengine walilipiga makofi kwenye bodi wakidai kuelezwa. Melkiori aliijua ile karatasi. Aliijua hata kabla hajakishika kipaza sauti. Lakini aliwatazama watu wale wote, akaogopa, na hofu ikamtangulia kuufungua mdomo.

"Ndugu zangu, tusameheni," alisema, na spika za juu zikalipeleka neno lile hadi vilimani. "Huyu mdogo wangu kusoma kulimshinda tangu shuleni. Mimi nimemvumilia tu miaka yote hii."

Watu wakacheka. Kicheko kile kilikuwa cha nafuu, kicheko cha watu waliopata wa kumbebesha lawama, na hasira ikawatoka. Otmari alikuwa amesimama karibu na taa ya mbele ya gari. Alimtazama kaka yake mara moja. Kisha akapita katikati ya watu, akaenda kwake kwa miguu, na tangu siku hiyo hakukishika tena kipaza sauti.

Hakugomba. Hilo ndilo lililomchanganya Melkiori. Walipokutana njiani Otmari alisema, "Shikamoo, kaka," na Melkiori akajibu, "Marahaba," na hapo maneno yakaisha. Kwenye misiba ya ukoo Otmari alichimba kaburi na wenzake, kwenye harusi alibeba maji, mama yao alipougua alimpeleka hospitali na kumrudisha. Kila kilichompasa alikifanya. Ila yule mtu aliyekuwa anasimulia habari ya jogoo mmoja mpaka watu wakashika mbavu alikuwa hayupo tena. Palibaki mtu wa kuitikia tu.

Melkiori naye hakukaa kimya. Mwanzoni alilalamika, na kila alipolalamika alipandisha sauti, dukani, kanisani, kwenye mashine ya kusaga, kwamba mdogo wake ana kisirani. Kisha akamtuma mjomba. Otmari akampikia mjomba, akamsikiliza, akamsindikiza, hakusema kitu. Akamtuma katekista. Otmari akasali naye, akanyamaza. Mwisho akawatuma wazee wa ukoo, watu wazito, wakamwambia Otmari kwamba asipozungumza na kaka yake hataitwa tena kwenye vikao vya nyumba ya baba yake. Otmari aliwasikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi, akajibu, "Nimesikia, wazee wangu." Tangu hapo hata ile shikamoo ikawa fupi zaidi. Ndipo Melkiori akaanza kuwaambia watu neno ambalo lilimfariji kidogo, kwamba moyo wa mdogo wake umekufa, na kwa kitu kilichokufa hakuna la kufanya.

Miaka sita ikapita hivyo. Melkiori alijaribu watangazaji wengine. Mmoja alipiga kelele, mwingine alisoma kama mtoto anayekariri, na watu wakawa wanafunga madirisha. Akarekodi matangazo kwenye simu, akayacheza peke yake akiendesha. Upande wa kushoto wa kile kiti kirefu palikuwa pamebonyea, mahali Otmari alipokalia miaka kumi na tisa, na kila Melkiori alipokata kona kitu chochote alichokiweka pale, mkate au chupa ya maji, kilitelemka na kutulia ndani ya lile bonde dogo. Siku moja hakuweza kulitazama tena. Alikifungua kiti kizima akakitupa nyuma ya nyumba, akanunua viti viwili vilivyotoka kwenye gari lililopata ajali, akatoboa sakafu mwenyewe na kuvifunga kwa boliti. Alivikaza kwa nguvu zake zote. Siku chache baadaye, akishuka mteremko wenye mawe, sauti ikakatika katikati ya tangazo la chanjo, na gari likawa bubu.

Alifanya alichojua. Alizungusha kitufe cha sauti hadi mwisho, akasikia tu feni ya gari. Alilipiga boksi la amplifaya kwa kisigino. Alinunua redio mpya akaiweka, bila mafanikio. Mtu mmoja alimwambia fyuzi inabana umeme, basi akaitoa ile iliyokuwapo akaweka kubwa kuliko ile. Miezi miwili ilipita akizunguka na spika juu ya paa ambazo zilikuwa mapambo tu, na vijana wa vijiweni wakampigia miluzi ili kumkumbusha jinsi sauti ilivyo.

Wiki moja mambo mawili yalimfika pamoja. La kwanza, kamati ya maji ya mji ilimwomba atangaze Jumamosi, siku ya gulio, kwamba bomba kuu litafungwa siku tatu. La pili alilisikia kwa muuza chumvi, ambaye alidhani analijua tayari. Otmari anahama. Amepata shamba kwenye mabonde ya mpunga, mwendo wa nusu siku kwa gari, watoto wameshaandikishwa shule ya huko, na Jumatatu anaondoka na jamaa yake yote. Melkiori alinunua chumvi, akaisahau juu ya meza ya muuzaji. Habari ya kuhama kwa ndugu yake wa tumbo moja aliipata kwa mtu wa chumvi.

Ijumaa asubuhi alilipeleka gari kwa Bi Desderia Kapinga. Mama huyu alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya soko, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifundishwa ufundi na misheni zamani zile mwanamke kushika bisibisi kulikuwa jambo la kuchekwa, na labda kwa sababu hiyo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mgeni katika mji ule, mwaka wake wa pili tu. Ndugu hawa alikuwa hawajui, na kisa chao alikuwa hajakisikia.

"Ilikata lini?" aliuliza. "Na kabla haijakata ulifanya nini kwenye gari?"

"Sikufanya kitu," Melkiori alijibu, na alijibu kwa haraka, kama watu wanavyojibu swali hilo.

Bi Desderia akafungua boneti, akapima betri, akaridhika. Akaufuata kwa vidole waya mnene unaotoka kwenye betri mpaka akaifikia fyuzi. Akaichomoa, akaitazama juani, kisha akamtazama mwenye gari juu ya miwani.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi. Ile ndogo nilidhani inabana."

"Fyuzi kazi yake ni kukatika. Ukiweka kubwa hivi haitakatika, kitaungua kilichoko mbele yake. Ulitaka kuifungua amplifaya kwa nguvu, kumbe ulikuwa unaipelekea moto." Akaitupa kwenye kopo, akaweka ya kipimo chake.

Akaangalia waya ulioshikizwa kwenye bodi ya gari, akakuta kutu, akaisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Bado kimya. Akapima waya unaotoka kwenye redio, ukawa na umeme. Basi akatandika gunia chini, akapiga magoti, akainama mpaka shavu likakaribia sakafu ya gari, akachungulia kwa tochi chini ya kiti. Akakaa hivyo kitambo.

"Hii taa nyekundu umewahi kuiona?"

Melkiori alisema hajawahi kuchungulia huko.

"Miezi miwili gari ni bubu, na hukuinama?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa anashangaa tu. "Njoo uone. Hii haijafa. Inajilinda."

Melkiori akapiga magoti kando yake. Kule gizani, chini ya kiti, palikuwa na taa ndogo kama punje ya mtama, nyekundu, inawaka. Bi Desderia akamweleza jinsi mambo yalivyo. Umeme unaingia vizuri. Sauti kutoka kwenye redio inaingia vizuri. Yote unayoyasema inayapokea. Lakini kwenye njia ya kutokea, mahali fulani, kuna kinachoiumiza, na chombo hiki kimeundwa hivyo kwamba kikihisi maumivu ya namna hiyo kinajifunga chenyewe, kwa sababu kikiendelea kutoa sauti kitaungua. Ukipandisha sauti, kinabaki kimefungwa. Ukikipiga, kinabaki kimefungwa. Hakitafunguka mpaka kinachokiumiza kiondoke.

 Melkiori aliitazama ile taa kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa na mtu asiyemjua.

Fundi akazichomoa nyaya za spika zote nne, akazima, akawasha. Taa ikageuka kijani. "Umeona? Yenyewe ni nzima," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Akarudisha waya wa spika ya mlango wa kulia, ikabaki kijani. Wa mlango wa kushoto, kijani. Wa spika ya kwanza ya juu ya paa, kijani. Akagusisha wa spika ya pili, na papo hapo taa ikawa nyekundu. Basi akaushika waya ule, akaufuata kutoka juu ya paa, ukateremka kando ya mlango, ukaingia chini ya zulia la gari, ukaenda mpaka chini ya kiti cha kushoto, ukapotelea hapo.

"Toa kiti hiki."

Melkiori akachukua spana. Boliti ilikuwa imekazwa mno, ilibidi aweke mguu. Kiti kilipotoka waliuona wote wawili. Waya ulikuwa umebanwa kati ya mguu wa kiti na sakafu, ngozi yake nyeusi imepasuka, na shaba iliyo wazi imeegemea boliti.

"Nani alikifunga kiti hiki?"

Melkiori alikuwa ameshasema asubuhi ile kwamba hakufanya kitu. Alitazama mikono yake.

"Mimi," alisema. "Ni mimi."

Bi Desderia hakuona jambo kubwa hapo. Kila siku anaona watu waliofunga vitu vibaya. Akakata sehemu iliyojeruhiwa, akaunga, akazungushia tepu, akaupitisha waya mahali pengine pasipo na wa kuukanyaga. Lakini Melkiori alikuwa ameketi juu ya kile kiti kilichotolewa, nje, chini, kwenye vumbi la karakana, magoti juu kama mtoto. Alikuwa anamwona Otmari amesimama karibu na taa ya gari. Aliuona uso wake. Miaka sita alikuwa amewaambia watu kwamba moyo ule umekufa, na hakuinama hata siku moja achungulie. Alikuwa amepandisha sauti, kisha akatuma mjomba, kisha akatuma katekista, kisha wazee wazito kuliko wote, akidhani ukaidi unashindwa kwa uzito.

"Fundi," aliuliza, "itarudi kama zamani?"

"Waya ukiungwa unabaki na kiungo," alisema yule mama akikusanya vifaa. "Lakini unapitisha." Akakichukua kipaza sauti, akahesabu moja, mbili, tatu, na sauti yake ikatoka juu ya paa kubwa na safi hata kuku wa jirani wakatimka, naye mwenyewe akacheka.

Jumamosi gulio lilijaa. Melkiori aliliegesha gari mahali palepale alipozungukwa na watu mwaka ule, akatangaza habari ya maji mara tatu, na watu wakafurahi kusikia spika zimepona. Walipoanza kugeuka kurudi kwenye nyanya na vitambaa vyao, akasema wasubiri. Alikisogeza kipaza sauti karibu mno, kikamgonga meno, na mlio huo ukasikika hadi vilimani. Akawaambia. Alilitaja jina la Ignasi Haule na la Ignasi Hyera. Alisema karatasi ile aliiandika yeye, kwa mkono wake, na kwamba mdogo wake alisoma sawasawa kilichoandikwa. Alisema alilijua jambo hilo siku ile ile, akiwa amesimama hapa hapa, na alisema uongo kwa sababu aliwaogopa. "Otmari anajua kusoma kuliko mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemnyamazisha." Akakizima kipaza sauti.

Hakuna aliyecheka. Katika ukimya ule mama mmoja alisimama kutoka nyuma ya mafungu yake ya viazi, akaja mpaka mlangoni mwa gari. Alikuwa Koletha, dada yake Hyera, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeunga vibaya, haunyooki.

"Basi ni wewe," alimwambia. "Na mimi miaka sita nimekuwa nikipita mlangoni kwa yule kijana bila kumsalimu." Akamtazama muda mrefu, wala hakumwambia amesamehe. Akarudi kwenye viazi vyake. Melkiori aliliacha gari pale pale, akapanda kilima kwa miguu, kwa njia ile ile aliyoipita Otmari.

Alimkuta shemeji yake Edeltruda mlangoni, ameshika sufuria, amesimama tu, machozi yanamtoka. Hakumkaribisha wala hakumzuia. Alionyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba. Otmari alikuwa uani, anafunga gunia la maharage kwa kamba ya katani. Kutoka pale uani soko lote lilionekana kule chini, na neno lolote lililosemwa na spika zile lilifika.

"Nimekuja," alisema Melkiori.

Otmari aliendelea kufunga gunia. Alikaza fundo, akalifungua, akalikaza tena. Melkiori alisimama. Hakusema kwamba yeye ni mkubwa, wala kwamba amejiaibisha mbele ya watu, wala kwamba sasa yameisha. Alisubiri, na kusubiri huko kulikuwa kugumu kwake kuliko kusema kule sokoni.

"Karatasi ile niliitunza mwaka mzima," Otmari alisema mwishowe, bila kuinua macho. "Halafu nikaichoma. Niliogopa, kaka, kwamba siku moja nitakasirika niitoe mbele ya watu, na wewe utakwisha." Akalikaza fundo tena. "Nilijua nikifungua mdomo kwako nitalisema hilo. Basi nikaufunga."

Hapo Melkiori akaketi chini. Alikuwa amedhani kimya kile ni chuki. Kumbe miaka yote sita mdogo wake alikuwa amekaa juu ya moto, akiuzuia usimfikie yeye.

Edeltruda alileta chai, na wakanywa. Otmari alisema, "Umechelewa, kaka. Umechelewa sana." Melkiori akasema, "Ndiyo." Hakujitetea.

Otmari hakubadili safari. Shamba lilikuwa limeshapatikana, watoto wameshaandikishwa, na mji ambao ulimcheka hakuona haja ya kuutumikia tena. Lakini Jumatatu mizigo yake ilipanda kwenye pikapu ya kaka yake, Edeltruda na watoto wakatangulia kwa basi, na ndugu wawili wakashuka milima pamoja. Otmari alizungumza karibu njia nzima. Alimweleza habari za miaka sita, ndogo ndogo zote, jino lililomtesa kipupwe kizima, ng'ombe aliyezaa mapacha, mtoto wake wa tatu ambaye baba yake mkubwa hajawahi kumpakata, jinsi alivyojikuta mara nyingine shambani akitangaza peke yake kwa mahindi. Kuna mahali alinyamaza kwa saa nzima, akitazama nje, na Melkiori hakumharakisha. Walifika kwenye mabonde jua likiwa bado juu. Walishusha magunia, wakashikana mikono kwa muda, na Melkiori akarudi peke yake.

Huko nyuma mji umepata mtangazaji mwingine, na si mbaya. Lakini wale wenye umri wa kukumbuka, wakisikia gari likipita, husimama kidogo na vikapu vyao, wakasikiliza, kisha wakaendelea na njia. Sauti waliyoizoea iko mbali, kwa watu wengine, na miaka sita ambayo wangeweza kuisikia ilipita bure na haina wa kuirudisha.

Nawe unayesikiliza habari hii, yuko mtu wa kwenu aliyeacha kusema nawe. Umemtumia watu wangapi wakamlazimishe, na ni lini utajiuliza anajilinda na nini?